Rangi ya Boti kwenye Uso wa Wabiwa

Ninyi mnaokaa leo kwenye vibanda vya kutengeneza simu pale sokoni Baraka mliniomba niandike jinsi nilivyojifunza kazi. Nadhani mlitarajia maneno matamu ya mama aliyestaafu kwa heshima. Sina. Nimefunga meza yangu mwaka huu nikiwa na hasira, na nikiificha hapa nitakuwa nimewadanganya tangu mstari wa kwanza. Nitaanza mwanzo, kwa sababu Mzee Feruzi alinifundisha kwamba saa haifunguliwi kuanzia katikati.

Mzee Feruzi alikuwa fundi wa saa wa pekee kutoka bandarini mpaka njia ya kwenda Fizi. Nilimpelekea saa ya marehemu baba nikiwa na miaka kumi na tisa. Akaitazama, akaniambia, "Hii saa haiko na ugonjwa. Iko na uchafu tu." Akaifungua mbele yangu, na nilipoona lile gurudumu dogo likipumua, sikutaka kuondoka. Nilirudi kesho yake, na siku iliyofuata, mpaka akachoka kunifukuza. Siku aliyonikubali alinipa saa ya mezani ya kengele, akaniambia niilegeze yote na kupanga kila skrubu juu ya kitambaa cheupe. Nilifanya hivyo asubuhi nzima. Nilipomaliza akainama juu ya kitambaa na kupiga chafya ya makusudi. Skrubu zikatawanyika hadi barabarani.

"Fundi anapiga chafya pembeni," akasema. "Sasa tafuta."

Nilitafuta kwa magoti hadi saa tisa. Moja haijaonekana mpaka leo. Nilimchukia siku hiyo, lakini tangu hapo sijawahi kupumua juu ya kazi ya mtu.

Watu walikuwa wakifika mezani, wananiona nimeshika lupu, kile kioo cha kukuzia, jichoni, na pensi, kile kikoleo chembamba, mkononi, halafu wananiuliza, "Fundi iko wapi?" Miaka kumi nilijibu kwa upole. Baada ya hapo nilijibu, "Amekufa." Mwishowe wakazoea, wakaniita Mama Saa, na jina hilo limeshinda lile nililobatizwa.

Kosa langu kubwa la ujana ni saa ya mchungaji mmoja. Uso wa ile saa ulikuwa na vumbi, nikapitisha kitambaa chenye unyevu. Tarakimu zote zikaondoka na kitambaa, kuanzia moja hadi kumi na mbili, kama chungu waliofagiliwa. Nilidhani Mzee Feruzi atanipiga. Alichofanya kilikuwa kibaya zaidi.

"Utaenda kumwambia weye mwenyewe," akasema. "Kinywa yako, haiko yangu."

Nilienda. Mchungaji aliivaa ile saa bila tarakimu miaka mingi, na kila mara aliponiona kanisani alinyanyua mkono na kuniuliza ni saa ngapi. Basi shikeni hili: rangi yoyote ya zamani, uiogope kwa maji. Hata mate. Hata jasho la kidole.

Jambo la tatu alilonifundisha ni kunyamaza. Mtu akikuletea kitu chake ukifungue, macho yaone na kinywa kilale. Nimefungua saa nikakuta majina ya wanawake wasio wake wa wenye saa. Nilizifunga. Sheria hiyo niliifuata bila kuuliza, hadi ilipokuja kazi ninayotaka kuwaeleza.

Vita vilitupeleka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kambini upande wa Kigoma, nami nilivuka na vyombo vyangu ndani ya kopo la maziwa nililolifunga tumboni kama mtoto. Mzee Feruzi alifia kule. Lupu yake ndiyo niliyofanyia kazi mpaka mwisho. Tuliporudi Baraka, simu zilikuwa zimeua saa za mkononi, mkazaliwa ninyi. Sikulalamika. Nilitengeneza bawaba za masanduku, mikufu, miwani, chochote kidogo kilichohitaji mkono usiotetemeka.

Ndipo akaja Zainabu. Mnamjua, yule anayeuza vitenge karibu na msikiti. Kwao ni watu wa ufukweni tangu zamani, Waislamu, wenye maboti, na kaka yake Shabani ndiye mwenye boti kubwa tatu zinazokwenda Kalemie. Alifungua leso, akaweka mbele yangu kijisanduku cha duara cha shaba kilichopakwa dhahabu, kidogo kiasi cha kufichika kwenye kiganja. Bawaba yake ilikuwa imevunjika. Ndani, nyuma ya kioo kilichoingia ukungu, kulikuwa na picha ya mwanamke. Haikuwa ya kamera. Ilichorwa kwa mkono, na ule mkono ulijua kazi: kila unywele wa nyusi ulikuwa na mstari wake.

"Huyu njo koko yetu," Zainabu akaniambia, yaani bibi yao wa zamani. "Mama aliniachia mimi. Bazee banasema alikuwa binti ya Sultani, alitoka Arabuni. Kulikuwa Muzungu mugonjwa alilala kwa koko mwanaume miezi mingi, akamuchora juu ya kumushukuru. Unitengenezee kabla ya siku ya posho. Bageni banakuja."

Siku ya posho ni Jumamosi, na wageni walikuwa wa posa. Binti yake, Mwajuma, alipendwa na kijana mwuguzi anayeitwa Wilondja, Mbembe wa Kilembwe, juu milimani. Kijana ni Mwislamu kama wao, kwa hiyo dini haikuweza kuwa kisingizio. Lakini Shabani, mjomba wa binti, alikuwa amekataa hadharani. Alisema damu ya Sultani haichanganywi na ya washenzi wa mlimani. Mimi mwenyewe baba yangu ni wa milimani. Nilimsikia akilitamka neno hilo mezani pangu, akinisubiri nimalize mkufu wa mke wake, na nilinyamaza kwa sababu nilifundishwa kunyamaza. Mkufu niliutengeneza vizuri sana.

Siku iliyofuata nilifungua kijisanduku. Nilipoinua kioo, kipande cha rangi kikabanduka na kuanguka juu ya kitambaa, chembamba kama ganda la dagaa. Nilivaa lupu. Picha ilikuwa imechorwa kwenye bamba la pembe ya ndovu, jembamba hata mwanga ulipita. Rangi za Mzungu zilikuwa za maji, zimelala kimya juu ya pembe. Lakini usoni kulikuwa na rangi nyingine juu yake, nzito, yenye mikwaruzo ya brashi mbaya, kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Niliinusa. Mtu aliyekaa Baraka hawezi kukosea harufu ile. Ilikuwa rangi ya mafuta, ile wanayopaka maboti.

Na pale kipande kilipobanduka, shavu la koko ya Zainabu lilikuwa jeusi. Jeusi kama langu.

Nilipotoa bamba nilikuta nyuma yake karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye maandishi ya Kiarabu. Siyajui. Lakini nilijua sitafunga tena na kunyamaza. Kitu kilikuwa cha Zainabu, na uso ulikuwa wa ukoo wake. Nilimwita. Alitazama kwenye lupu muda mrefu, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Nani alimupaka?" akauliza.

"Sijui. Lakini alikuwa na boti."

Hakucheka. Akasema, "Toa yote, Mama Saa. Yote." Karatasi akaipeleka kwa Mwalimu Saidi, anayefundisha Kurani watoto wa mtaa ule.

Nilifanya kazi hiyo asubuhi nne, mwanga ulipokuwa mzuri, bila tone la maji wala petroli. Nilichonga mwiba wa mndimu, nikawa naingiza ncha chini ya rangi ya boti na kuinua ganda moja baada ya jingine. Rangi ya mafuta haishiki vizuri kwenye pembe, na hiyo ndiyo bahati pekee aliyopata yule mwanamke. Siku ya kwanza nilipata shavu. Siku ya pili paji la uso. Nilikuwa nikifanya kazi nikitukana kwa sauti, na waliopita walidhani natukana saa.

Siku ya tatu Shabani akaja. Mtu alikuwa amemwambia. Hakukaa.

"Nilisikia ulifungula," akasema.

"Bawaba haitengenezwi bila kufungua, Papa Shabani."

"Funga tu. Rudisha vile ilikuwa."

"Vile ilikuwa lini? Kabla ya rangi ya boti ao baadaye?"

Uso wake ulibadilika, ndipo nikajua kwamba anamjua aliyepaka. Nilitegemea awe baba yake, au babu yake. Hapana.

"Mi njo nilimupaka," akasema polepole. "Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilipeleka ile picha ku masomo, nilitaka kuonyesha batoto bengine. Banachekaka. Banasema, koko yenu alikuwa mutumwa, mutazame vile iko mweusi. Mwaka muzima, Mama Saa! Banakuwa bananiita Mutumwa. We unajua ile ni nini?"

Nilimhurumia kwa muda wa pumzi mbili. Hilo naliandika ili msiseme nilikuwa jiwe. Halafu nikakumbuka neno lile la washenzi.

"Walikuita hivyo mwaka mmoja," nikamwambia. "Wewe unatuita washenzi mpaka leo, na una mvi."

Akanyoosha mkono kuichukua. Nikaifunika kwa viganja vyangu, nikapiga kelele, "Usiguse! Hii ni rangi ya maji. Kidole chenye jasho tu kinaweza kuifuta!"

Ndivyo nilivyosema. Kwa kinywa changu, mimi fundi, nilimweleza adui wa ile picha namna ya kuiua. Shabani aliutazama mkono wake, akaurudisha mfukoni, akaondoka. Nilidhani nimeshinda.

Siku ya posho nilikwenda kwa Zainabu na kijisanduku. Bawaba ilikuwa nzima. Kioo hakikuwapo, kwa sababu kile cha zamani kilipasuka nilipokisafisha na fundi wa vioo alikuwa hajanikatia kingine. Ningeweza kumwambia Zainabu asubiri. Sikumwambia, maana nilitaka sana kuiona sura ya Shabani siku ile. Hasira ya fundi nayo ina gharama, na mara nyingi anayeilipa ni mtu mwingine.

Wageni kutoka Kilembwe walikuwa sita pamoja na kijana mwenyewe, wakiongozwa na Mzee Etabo, baba mkubwa wa Wilondja, aliyefika na vumbi la pikipiki hadi kwenye kope. Tulikula wali na samaki. Kisha Shabani akasimama kusema ukoo wao ni nani, na kwa nini hawawezi kumtoa binti. Alipofika kwa Sultani, Zainabu akamkatiza kaka yake, akamwambia akae.

"Yaya, ikala kwanza. Mwalimu Saidi iko na karatasi ya koko."

Mwalimu Saidi ni mtu wa sauti ndogo. Alieleza kwamba maandishi ni ya Kiarabu lakini maneno ni Kiswahili, yameandikwa na koko mwanaume mwenyewe, mfanyabiashara aliyeanzisha nyumba yao. Akasoma, nami nilimwomba baadaye anisomee tena ili niyashike:

"Huyu ni Wabiwa binti Lubunga, wa vilima vya Kilembwe. Watu wetu walimchukua akiwa mdogo, na mimi nilimpokea. Nimemwacha huru kabla hajanizalia. Watoto wake wawajue wajomba zao, wala wasiwaonee haya."

Mwajuma, bibi harusi, alikuwa amesimama mlangoni na sinia, akamtazama Wilondja kama mtu aliyeitwa jina lake na mgeni. Zainabu akafungua kijisanduku, akakipitisha kwa wanawake, kisha kwa wageni. Mzee Etabo akakiinua karibu na jicho lake moja linaloona, akakaa nacho.

Na mnajua Shabani alisema nini? Yule aliyetuita washenzi?

"Basi njo vile!" akasema. "Kama koko yetu alitoka Kilembwe, na ninyi munatoka Kilembwe, tuko ndugu. Ndugu habaoani. Mambo imekwisha!"

Mara wageni wakawa ndugu zake. Dakika moja tu ilitosha. Nilicheka, na sikucheka vizuri.

Mzee Etabo hakucheka. "Lubunga huyu ni wa mbari ya ng'ambo ya muto," akasema. "Si wa kwetu. Sisi tunaoaka kwao tangu bababu. Na bajukuu bake bangali pale. Tukirudi nitaenda kubaambia tumemuona mutoto wao."

Akaweka kijisanduku mkekani, wazi. Bakuli la kunawia lilikuwa bado katikati yetu. Shabani alikuwa amekaa tena, kichwa chini, nikadhani analia. Akachovya mkono ndani ya bakuli kama mtu anayenawa. Kisha akaunyoosha, akabonyeza dole gumba lililolowa juu ya pembe, akazungusha mara moja.

Haikuchukua muda wa kupiga kope. Nilimrukia, Zainabu akapiga yowe, lakini uso ulikuwa umekwisha. Kulibaki ukungu wa kahawia, ncha ya mtandio, na alama za kidole chake zikiwa safi kabisa. Mwanamke aliyevuka vita, na ziwa, na rangi ya boti, ameishia kwenye dole gumba la mjukuu wake.

"Hayuko tena," Shabani akasema. "Muachane na ile mambo."

Zainabu hakumpiga. Alifuta machozi kwa pindo la kitenge, akamgeukia Mwalimu Saidi na kumwambia, "Soma tena." Mwalimu akasoma tena. "Tena." Akasoma mara ya tatu, na safari hii wanawake wote ndani ya nyumba walikuwa wanasema maneno pamoja naye, jina na jina la baba na vilima vyake, na Mwajuma alikuwa na sauti kubwa kuliko wote. Shabani aliondoka tukiwa katikati ya maneno hayo. Mambo ya posa yakakubaliwa kabla ya jua kuteremka.

Wiki iliyofuata Shabani alinitumia kioo. Kioo! Cha duara, kilichokatwa Bujumbura, kinachoingia sawasawa kwenye kile kijisanduku. Hakuandika neno. Pengine kwake hiyo ilikuwa samahani. Mtu mmoja aliniambia nisiwe na roho ngumu, kwamba naye aliumizwa utotoni. Najua aliumizwa. Nilikuwapo alipolisema. Lakini aliyemuumiza si Wabiwa, na ni huyo Wabiwa peke yake ambaye hakuweza kujitetea. Kile kioo sijakitumia na sitakirudisha.

Sikuacha kazi kwa sababu ya macho, kama mlivyoambiwa. Niliacha kwa sababu baada ya siku ile, kila nilichofungua niliona kile kidole. Nilimaliza kazi za watu zilizokuwa mezani, nikafunika meza.

Baada ya harusi Zainabu alisema anakwenda Kilembwe, nami niende naye. Nilimuuliza nitafanya nini kule. Akasema, "We njo ulimuona muzuri. Ulikuwa naye siku ine. Sisi tulimutazama mara moja tu."

Tulipanda pikipiki mbili, tukashuka mara nyingi kusukuma kwenye tope. Mzee Etabo alitupeleka ng'ambo ya mto, kwenye nyumba ya mama mmoja aliye mkubwa kuliko wote katika mbari ya Lubunga. Alikuwa anachambua maharage, na hakuacha kuchambua tulipokuwa tunaeleza. Alisema kwao lilikuwapo jina hilo, Wabiwa, la mtoto aliyekwenda kuchota maji na hakurudi. Kila kizazi mtoto mmoja wa kike alipewa jina hilo, na hakuna aliyekumbuka tena kwa nini. Zainabu akampa lile bamba la pembe. Yule mama akaligeuzageuza, akapitisha kidole juu ya ukungu.

"Hakuna kitu hapa," akasema.

"Kulikuwa," Zainabu akajibu, akaelekeza mkono kwangu. "Huyu mama alimuona."

Yule mama aliyaacha maharage yake. Akanitazama kama mtu anayepima kama mashahidi wa leo wanaaminika. Nikamweleza nilivyoweza. Nikamwambia alikuwa mweusi, wa shingo ndefu, sikio la kushoto lina tundu bila hereni. Nikamwambia alivishwa mtandio wa hariri usiomkaa, kama mtu aliyeambiwa avae. Aliniuliza alikuwa na miaka mingapi. Nikasema ishirini, labda hata hakufika.

"Na alikuwa anacheka?" akauliza.

"Hapana, mama. Alikuwa anamtazama aliyemchora, amefunga midomo. Alikuwa na hasira."

Mama yule akaitikia kwa kichwa taratibu, akalishika bamba kwa mikono miwili.

"Basi ni wetu," akasema.